Risasi Laki Moja na Kifaa cha Kuzing'oa

Risasi moja ya SMG, ile ya milimita 7.62 kwa 39 ambayo hutumika pia kwenye SAR, ina uzito wa gramu 16 na kidogo. Kichwa chake huchukua karibu gramu 8. Baruti iliyomo ndani ni gramu 1.6 hivi, haijazi hata nusu ya kijiko cha chai. Kinachobaki ni ganda, ambalo kwa risasi za Kichina na Kirusi mara nyingi ni la chuma, na fataki ndogo iliyopachikwa kitakoni. Mwenye risasi moja mkononi huitenganisha kwa dakika moja akamaliza. Mwenye laki moja ana kazi nyingine kabisa, maana kilo 160 za baruti zilizokuwa zimegawanywa katika vyumba laki moja vya chuma sasa zinatafuta pipa la kukaa.

Wanaotafuta kifaa cha kung'olea vichwa vya risasi huuliza mambo mawili: kipi kina kasi, na kipi ni rahisi kwa bei. Maswali hayo yamezaliwa Marekani, ambako mwindaji hujijazia risasi zake gereji, na akikosea kipimo cha baruti anataka kuifungua risasi bila kuiharibu. Kampuni kama RCBS, Hornady na Forster zimemtengenezea vifaa hivyo kwa miongo mingi. Mwanza hakuna mteja wa namna hiyo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 raia hamiliki risasi bila kibali, na meza ya kujazia risasi si samani ya kuweka sebuleni Nyegezi. Wenye risasi nyingi ni jeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Wao hawasumbuliwi na risasi kumi zilizokosewa kipimo. Wanasumbuliwa na shehena: zilizochakaa, zilizokamatwa, zilizokaa kama vielelezo mpaka kesi ikaisha, na zile ambazo bunduki zake zilishaondolewa kazini.

Kanda ya Ziwa imekuwa njia ya risasi kwa zaidi ya karne moja. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaishambulia Bukoba iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, na Julai 1916 wakaichukua Mwanza. Vita vya Kagera vilileta mzigo mkubwa zaidi. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kuipiga Mwanza, ilikosa shabaha. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na waliokufa wakawa wanyama wa hifadhi. Madhara ya muda mrefu yalitokea ng'ambo ya mpaka. Jeshi la Idi Amin lilipokimbia, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliachwa bila mlinzi, na Wakaramojong wakabeba bunduki na risasi kadiri mikono ilivyoweza. Silaha hizo zilizunguka Uganda na Kenya kwa miaka mingi. Baadaye zikaja vita vya Rwanda, Burundi na Kongo Mashariki, na katika misafara ya watu waliokimbilia Kagera na Kigoma kuokoa roho zao hawakukosekana waliobeba bunduki.

Jina la Mwanza lenyewe lilihusishwa na biashara ya silaha na filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyodokeza kwamba ndege zilizokuja kuchukua minofu ya sangara hazikuwa zikija Afrika tupu. Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006. Ubishi huo hauna haja ya kufufuliwa hapa. Risasi husafiri pia kwa mtumbwi, kwa baiskeli na kwa begi la mgongoni, na hizo ndizo zinazoishia kwenye stoo ya kituo cha polisi: kutoka kwa majangili wa Serengeti, kutoka kwa majambazi wanaopora injini za wavuvi ziwani, kutoka kwa wanaosalimisha silaha serikali inapotangaza msamaha.

Kwa nini basi zisikae tu huko stoo? Watanzania wengi watajibu kwa kutaja tarehe mbili. Aprili 29, 2009 ghala la mabomu la JWTZ lililipuka Mbagala. Februari 16, 2011 likafuata la Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya ishirini, na usiku ule wa Gongo la Mboto maelfu walikimbilia Uwanja wa Uhuru huku safari za ndege zikisitishwa. Barani Afrika orodha ni ndefu na mbaya zaidi: Ikeja, Lagos, Januari 2002, zaidi ya watu elfu moja, Malhazine, Maputo, Machi 2007, zaidi ya mia moja, Mpila, Brazzaville, Machi 2012, karibu mia tatu.

Ila somo la Mbagala lisisomwe juu juu. Vilivyoruka kilomita kadhaa na kutoboa mapaa ya watu vilikuwa mabomu na makombora. Risasi za bunduki zikiwa ndani ya makasha yake hazina tabia hiyo. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kupanga bidhaa za hatari, risasi hizo kwa kawaida huwekwa daraja 1.4S, karibu kabisa na mwisho wa ngazi ya hatari. Zikipata moto, kila moja hupasuka peke yake. Kwa kuwa haimo ndani ya mtutu, ganda hufumuka na vipande kuruka kwa nguvu ndogo, na kikosi cha zimamoto chenye kofia na koti zito kinaweza kuukabili moto huo. Wizi ndio hatari kubwa ya kasha la risasi kuliko mlipuko.

Sasa mtu anapoanza kung'oa vichwa, anaichukua bidhaa hiyo tulivu na kuigawa mafungu matatu, na fungu moja ni baruti tupu. Baruti isiyo na moshi ikiwa nyingi pamoja kwa kawaida hupandishwa hadi daraja 1.3C. Cheche moja inatosha kuifanya iwake kwa mwali mkubwa wa ghafla unaounguza kila aliye karibu, na ikibanwa katika chombo kizito inaweza kulipuka. Baruti ya zamani ina tatizo la ziada. Ndani yake hutiwa kemikali ya kuituliza, na kemikali hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita, tena upesi zaidi panapokuwa na joto. Kontena la chuma lililoachwa juani Ilemela hupika kilichomo kila mchana. Kemikali hiyo ikishaisha, baruti iliyorundikwa inaweza kujipasha joto yenyewe mpaka ikawaka bila kuguswa na mtu. Gramu 1.6 ndani ya ganda hazina uwezo huo. Joto lake hupotea kabla halijakusanyika. Kilo 160 ndani ya pipa zinao.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha kifaa chochote cha kung'olea kinapaswa kuwa hiki: baruti inakwenda wapi, na inajilimbikiza kiasi gani mbele ya mfanyakazi? Kasi na bei vifuate nyuma.

Kifaa kinachojulikana zaidi ni cha nyundo, na kwa umbo ni nyundo kweli, ila kichwa chake ni cha plastiki ngumu na ni kitupu ndani. Risasi huingizwa kwa nyuma ikashikwa kitakoni, kisha mtu anapiga nyundo kwenye gogo au sakafu ngumu. Nyundo inasimama ghafla, kichwa cha risasi kinaendelea na mwendo wake, kinachomoka. Ni rahisi kujifunza, hakikwaruzi kichwa, na kimoja kinahudumia risasi za aina nyingi. Kwa risasi kumi hakuna cha kukishinda.

Kwa laki moja ni adhabu. Tuseme mwenye mkono mwepesi anafungua tatu kwa dakika, kupakia na kumwaga kukiwamo. Hizo ni 180 kwa saa. Laki moja inataka saa 555, yaani karibu siku 70 za kazi za mtu mmoja, na hakuna bega litakalofika huko. Vichwa vyepesi ni ubishi zaidi, kwa sababu kifaa kinategemea uzito wa kichwa chenyewe: risasi ya milimita 5.56 ina kichwa cha gramu 3.6 hadi 4, nusu ya kile cha SMG, na huhitaji kupigwa mara nyingi kabla haijalegea. Plastiki nayo hupasuka. Ubaya mkubwa lakini uko kwenye kipimo kilekile cha kwanza, kwamba kichwa na baruti huangukia pamoja ndani ya nyundo, na kila mara fundi analazimika kumwaga, kuchambua, kufuta punje zilizotawanyika mezani. Baada ya saa mbili meza nzima ina baruti, na sakafu pia.

Kuna njia ya mafundi wasio na subira. Risasi inapandishwa kwa mashine ya mkono ya kujazia mpaka kichwa kitokeze juu ya tundu, fundi anakibana kwa plaizi, kisha anashusha mkono wa mashine. Ganda linarudi chini, kichwa kinabaki kwenye plaizi. Ni haraka ajabu. Kichwa huharibika, jambo ambalo kwa risasi za kuteketezwa halina maana yoyote, lakini plaizi inayoteleza huvunja vidole, na chuma kinachokwaruza chuma juu ya ganda lenye baruti si mandhari ya kupendeza.

Kifaa cha kibano kimechukua wazo hilohilo kikalitia adabu. Hufungwa juu ya mashine ileile iliyokazwa mezani kama jiliwa. Ndani yake kuna kibano cha duara chenye kipimo sawasawa na kichwa cha risasi, na mkono mdogo wa kukikaza na kukilegeza. Mtu anapandisha risasi, anakaza, anashusha. Kichwa kinabaki juu. Baruti inabaki ndani ya ganda, wima, haijamwagika hata punje moja, mpaka mfanyakazi mwenyewe aamue kuiinamishia kwenye chombo. Hilo la mwisho wauzaji hawalitangazi sana, nalo ndilo lenye thamani kuliko yote. Mzoefu anaweza kufikia risasi 400 kwa saa. Kwa mwendo huo laki moja ni saa 250, na watu wanne wanazimaliza kwa wiki mbili hivi.

Kasoro zipo. Kila kipimo cha risasi kinadai kibano chake, na kichwa kifupi au cha duara hakipi kibano mahali pa kushika. Risasi za kijeshi zina ukaidi wake pia. Shingo ya ganda hukazwa kuzunguka kichwa na kuzibwa kwa lami au vanishi ili unyevu usipenye. Viwango vya risasi ya NATO ya 7.62 kwa 51 vinataka kichwa kisichomoke kwa nguvu iliyo chini ya paundi 60, sawa na mzigo wa kilo 27 ukining'inia. Ikishakaa miaka thelathini, kichwa na ganda huwa vimegandana kabisa. Dawa yake wajuzi wanaifahamu: kisukume kichwa ndani kidogo kwanza, utasikia gamba la lami likikatika, kisha king'oe. Hatua hiyo ya ziada inapunguza mwendo kwa karibu nusu, na hesabu ya siku ibadilishwe kabla ya mkuu wa ghala kuahidi tarehe ya kumaliza.

Viwandani kuna mashine zinazofanya hayo kwa meza ya kuzunguka, maelfu ya risasi kwa saa, baruti ikifyonzwa kwenda chumba kingine chenye ukuta mnene. Afrika Mashariki haikosi watu wa kuzielewa. Shirika la Mzinga la Morogoro, kiwanda cha Eldoret nchini Kenya na cha Nakasongola nchini Uganda vyote hutengeneza risasi, na anayejua kuunda risasi hahitaji kufundishwa sana kuifumua. Tatizo ni kwamba mashine ya namna hiyo inataka risasi za aina moja, safi, zilizonyooka, kwa mamilioni. Stoo ya vielelezo hukusanya kinyume chake: kumi za SMG zenye kutu, tatu za gobole, nusu kasha la .303, na moja isiyojulikana.

Hiyo isiyojulikana ndiyo inayopaswa kumtia wasiwasi mwenye kushika nyundo. Baadhi ya risasi za 7.62 kwa 39 zina ncha ya kijani. Hizo ni za kuacha mwali angani na zimebeba kemikali inayowaka. Zenye ncha nyeusi na pete nyekundu ni za kutoboa chuma na kuwasha moto. Kuzipiga kwenye gogo mara tatu kwa dakika ni kucheza kamari, na rangi hizo huchubuka kwa kukaa mifukoni na kwenye mchanga. Kila shehena inahitaji jicho la mchambuzi kabla ya mkono wa mng'oaji. Hakuna kifaa kitakachofanya kazi hiyo.

Baada ya kichwa na baruti kuondoka, fataki bado ni hai. Ganda tupu lenye fataki hai likitupwa kwenye tanuru la vyuma chakavu hulia kama mahindi ya bisi, na likiwa kwenye gunia la elfu hamsini si bisi tena. Kwa hiyo hata aliyeng'oa vichwa kwa ustadi wote atahitaji mwishoni namna ya kuyachoma maganda kwa usalama. Hapa hoja nzima ya kung'oa inaanza kuyumba: kama tanuru la usalama litahitajika vyovyote iwavyo, kwa nini risasi nzima isiingie humo moja kwa moja?

Jibu la kawaida ni fedha, na linafaa kupimwa kwa mizani. Chukua risasi laki moja za 7.62 kwa 51, zile za G3 na FAL ambazo Kenya imezitumia kwa muda mrefu. Maganda yake ya shaba ya njano yana uzito wa zaidi ya tani moja, vichwa ni kilo 950, na kiini chake kwa kawaida ni madini ya risasi. Mali ipo hapo. Hata .303 za mkoloni zina ganda la shaba. Sasa chukua laki moja za SMG. Maganda ni kilo 650 hivi, na ni chuma. Kichwa kina kiini cha chuma laini kilichozungukwa na utando mwembamba wa madini ya risasi, ndani ya koti la chuma lililopakwa shaba. Mnunuzi wa vyuma chakavu wa Nyakato ataziangalia kwa muda mfupi. Mshahara wa watu wanne kwa wiki mbili, chakula chao, ulinzi wa usiku na bima yao haviwezi kurudi kutoka kwenye chuma hicho, na risasi nyingi zinazokamatwa kuzunguka ziwa ni za SMG.

Baruti nayo husemwa kuwa ni mali. Kuna nchi ambako baruti ya risasi kuukuu huchanganywa katika baruti za migodini, na mtu anayeitazama ramani ya Geita, Bulyanhulu na machimbo ya wachimbaji wadogo anaweza kuvutiwa na wazo hilo. Mgodi wa wazi hutumia tani nyingi kwa mlipuko mmoja. Kilo 160 hazitatambuliwa na yeyote isipokuwa mkaguzi atakayedai vibali vyake.

Wapo lakini watakaozitambua upesi, na hao si watu wa kuwapa. Magobole bado yanafuliwa na kutumika vijijini Usukumani na kandokando ya hifadhi. Baruti ya kisasa ikitiwa kwenye gobole lililofuliwa kwa ajili ya baruti nyeusi huweza kupasua mtutu usoni mwa mwenye kulishika, na isipoupasua, imemfikia jangili. Vichwa vyenye madini ya risasi navyo vingepata wateja wa kuviyeyusha kuwa vizito vya nyavu, kazi ambayo mara nyingi hufanyika uani, kwenye sufuria, watoto wakivuta moshi wake. Kichwa kimoja chenye kemikali ya mwali kikichanganyika humo hugeuza sufuria kuwa kitu kingine.

Kila hatua ya kung'oa basi ni mlango wa mali kutoka. Kuna namna ya kuulinda: kupima. Ukijua risasi moja ina gramu 1.6 za baruti, laki moja lazima zitoe kilo 160, kasoro kidogo. Zikionekana kilo 152, kuna risasi 5,000 ambazo hazikufunguliwa au baruti yake imekwenda kwingine. Mizani nzuri ya kilo na daftari lenye sahihi mbili ni vifaa muhimu kuliko kibano chochote, na ni bei poa pia.

Anayetaka kuona mwisho wa kung'oa kwa mikono ya bei rahisi aitazame Albania. Machi 15, 2008 katika kijiji cha Gërdec, karibu na Tirana, kiwanda cha kubomolea makombora ya zamani kililipuka. Watu 26 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Wengi wa waliokuwa wakifanya kazi ile walikuwa wanakijiji wasio na mafunzo, wake kwa waume, waliokuwa wakitoa baruti kwenye maganda ili shaba ikauzwe. Nchi ilikuwa na nia njema: ilitaka kumaliza mrundo wa silaha za enzi za Enver Hoxha. Kilichoua ni baruti iliyoachwa ikirundikana kwa kuwa malipo yalitoka kwenye ganda.

Tanzania ina mfano wake wa karibu zaidi kuhusu chuma chakavu. Novemba 8, 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la kutupwa kwa mkono lilipasuka baada ya mwanafunzi kulibeba akilidhani chuma cha kuuza. Wanafunzi watano walikufa, makumi wakajeruhiwa. Bomu si risasi, ila soko lililomvuta mtoto yule ni lilelile ambalo maganda yenye fataki hai yangeingia. Chuma chochote kinachotoka kwenye uteketezaji wa risasi kinapaswa kutoka na cheti kwamba hakina kilipukaji, na cheti hicho hakiwezi kuandikwa kwa haki mpaka chuma kimepita motoni.

Moto huo una ngazi zake. Ya chini kabisa ni tangi zito la chuma lenye kifuniko na wavu, kuni na dizeli chini yake. Risasi humwagiwa kidogo kidogo, zinapasukia ndani. Vikosi vya kutegua mabomu hulitumia porini na ni rahisi kulitengeneza, ila moshi wake, pamoja na madini ya risasi yaliyomo, hupanda bila kuchujwa. Ya juu ni tanuru la kuzunguka, bomba nene la chuma lenye parafujo ndani inayosukuma risasi kutoka upande baridi kwenda upande wa moto. Kila risasi hulipuka peke yake katikati ya kuta zinazomudu kishindo, na upande wa pili hutoka chuma na shaba vikiwa vimekufa, tayari kwa mizani. Hakuna baruti inayolala popote. Hakuna anayeishika. Matanuru mengine huwekwa kwenye kontena na kubebwa na lori. Miongozo ya kimataifa ya usimamizi wa risasi na mabomu, ambayo Umoja wa Mataifa uliitoa mwaka 2011, inajadili njia zote hizi kwa urefu na kumtaka kila mwenye ghala apime hatari, gharama na mazingira kabla ya kuchagua.

Tanuru halina huruma kwa bajeti. Linakula mafuta, linataka kichujio cha moshi chenye kubadilishwa, na bila kichujio ni heri lisiwashwe katika jiji linalonywa maji ya ziwa na kupumua upepo wa ziwa. Mwanza huchota maji yake Capripoint na Butimba, na vumbi la madini ya risasi likishatua mtaroni linajua njia ya kufika huko. Shimo la kuchomea lililochimbwa karibu na mwalo lingekuwa kosa la kizazi kizima.

Wazo jingine huzuka kila panapokuwa na maji mengi: kutosa. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, na kasha la risasi huzama bila kelele. Uswisi ilifanya hivyo kwa miongo mingi, ikatosa maelfu ya tani za silaha na risasi katika maziwa ya Thun, Brienz na Lucerne. Mwaka 2024 serikali yake ilitangaza shindano lenye zawadi kwa atakayependekeza namna salama ya kuvitoa. Ziwa Victoria kina chake kirefu hakizidi mita 80 na ushei, na limejaa nyavu. Kilichotoswa leo kitavuliwa.

Mwanza basi ifanye nini? Kijiografia mji unafaa kuwa kituo cha kukusanyia. Mzigo kutoka Geita na Kagera uliokuwa ukisubiri kivuko cha Kigongo sasa unapita daraja la J.P. Magufuli, lenye takriban kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025. Morogoro, walipo mafundi wa Mzinga, ni kilomita 950 hivi kwa barabara. Risasi zikiwa nzima, ndani ya makasha yaliyofungwa na kuhesabiwa, kilomita hizo si hatari kubwa endapo ulinzi utakuwa wa kweli. Zikiwa zimeshafumuliwa, hakuna dereva mwenye akili atakayekubali kupakia baruti ile ya mashaka. Hoja hiyo peke yake inatosha kuzuia kung'oa kusifanyike kila wilaya kwa namna yake. Nchi za ukanda huu, zilizosaini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, zilikwishakubaliana kuharibu silaha za ziada na zinazokamatwa, na Kenya imechoma bunduki hadharani zaidi ya mara moja, zikiwamo zaidi ya 5,000 Novemba 2016. Bunduki zinapendeza kwenye picha za moto. Risasi hazipigwi picha, na pengine ndiyo maana zinasubiri zaidi.

Kung'oa kuna nafasi yake. Shehena kubwa, ya aina moja, yenye maganda ya shaba na namba za kiwanda zinazosomeka, ikishughulikiwa na kiwanda chenye mashine na vyumba vilivyotengwa, inaweza kulipia sehemu ya gharama zake. Na kila ghala, kubwa au dogo, linahitaji kufungua risasi chache kila mwaka ili kupeleka baruti maabara ipimwe kama kemikali ya kuituliza ingalimo. Kazi hiyo ni ya vibano, kimoja kwa kila kipimo cha risasi kilichopo, kwenye meza ya mbao iliyo mbali na ghala, mfanyakazi akiwa na nguo za pamba na miwani, na baruti isizidi kile kinachotosha sampuli.

Mkuu wa ghala anayeandaa maombi ya ununuzi kwa ajili ya risasi laki moja za SMG aanze na tanuru la kubebeka lenye kichujio, mizani na mchambuzi aliyefuzu. Vibano viwili vinatosha. Nyundo isiandikwe.